Edmund Hillary

Edmund Percival Hillary (Auckland, Nyuzilandi, 20 Julai 1919 – Auckland, 11 Januari 2008) alikuwa mfugaji nyuki, mpanda milima na mpelelezi wa Nyuzilandi. Tarehe 29 Mei 1953 yeye na Tenzing Norgay walikuwa watu wa kwanza wanaojulikana kwa hakika kufika kileleni mwa mlima Everest, mlima mrefu kuliko yote duniani.

Sifa hiyo ilimfanya ajulikane kote, lakini sehemu kubwa ya maisha yake baada ya hapo ilitumika kwa kazi nyingine: kujenga shule, hospitali, madaraja na mabomba ya maji kwa ajili ya Washerpa wa Nepal, na baadaye kurudisha misitu ya bonde la Khumbu ambayo kazi yake mwenyewe ilikuwa imechangia kuipunguza.

Maisha ya awali

Hillary alizaliwa Auckland akakulia Tuakau, mji mdogo wa wakulima kusini mwa jiji hilo. Baba yake, Percival, alikuwa amepigana Gallipoli katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na kupewa ardhi huko Tuakau. Alihariri gazeti la mtaani kabla ya kugeukia ufugaji wa nyuki. Mama yake, Gertrude, alikuwa mwalimu, naye ndiye aliyesisitiza mwanawe asome sekondari mjini. Hivyo Edmund alisafiri kwa treni kila siku kwenda Auckland Grammar School na kurudi. Alikuwa mdogo kwa umri kuliko wenzake darasani, mwenye haya, na muda wa treni aliumalizia kwa kusoma vitabu.

Mara ya kwanza kuona theluji ilikuwa akiwa na miaka 16, shule ilipowapeleka wanafunzi kwenye mlima Ruapehu. Alianza chuo kikuu lakini aliacha baada ya miaka miwili bila shahada, akajiunga na kazi ya baba yake pamoja na mdogo wake Rex. Kazi yenyewe ilikuwa ngumu: kubeba mizinga na masanduku ya asali yenye uzito mkubwa majira yote ya joto. Majira ya baridi nyuki walipotulia, yeye alipanda milima. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa mwongoza njia katika ndege za Catalina za jeshi la anga, na mwaka 1945 aliungua vibaya katika ajali ya boti visiwani Solomon.

Everest

Mwaka 1951 Hillary alikwenda Himalaya kwa mara ya kwanza, na mwaka huohuo aliingizwa katika kundi la Mwingereza Eric Shipton lililotafuta njia ya kupanda Everest kutoka upande wa Nepal. Nchi hiyo ilikuwa imefungua mipaka yake kwa wageni muda mfupi tu kabla ya hapo, wakati upande wa Tibet ukifungwa.

Msafara wa Uingereza wa mwaka 1953, chini ya kanali John Hunt, ulikuwa na wapagazi zaidi ya 350 kutoka Kathmandu. Tarehe 26 Mei wapandaji wawili wa kwanza, Charles Evans na Tom Bourdillon, waligeuka nyuma wakiwa wamebakiza takriban mita 100 tu kwa kimo. Siku tatu baadaye zamu ilikuwa ya Hillary na Tenzing Norgay, Msherpa aliyekuwa na uzoefu wa Everest kuliko mtu yeyote aliyekuwa hai. Walifika kileleni saa 5:30 asubuhi na kukaa robo saa hivi. Habari zilitangazwa London tarehe 2 Juni, siku ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II.

Mara moja lilizuka swali la nani alikanyaga kileleni kwanza. Wawili hao walijibu kwamba walifika pamoja, na ni Tenzing mwenyewe aliyesema baadaye, katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1955, kwamba Hillary alitangulia hatua chache. Hillary na Hunt walipewa cheo cha Sir, Tenzing akapewa nishani ya George, ambayo ni heshima ya daraja la chini zaidi. Tofauti hiyo haikupita bila kuonekana, hasa Nepal na Uhindi. Tenzing hakujua kusoma wala kuandika, kama karibu Washerpa wote wa rika lake: katika Khumbu yote hapakuwa na shule hata moja.

Mwaka 1953 Hillary alimwoa Louise Mary Rose, mwanamuziki. Walipata watoto watatu: Peter, Sarah na Belinda. Kati ya miaka 1955 na 1958 alishiriki katika safari ya kuvuka Antaktika, na tarehe 4 Januari 1958 aliwasili Ncha ya Kusini kwa matrekta ya shamba yaliyofungwa minyororo. Kazi aliyopewa ilikuwa kuweka akiba ya mafuta na chakula njiani kwa ajili ya kundi la Vivian Fuchs. Kwenda hadi nchani ulikuwa uamuzi wake, na haukumfurahisha kila mtu.

Shule ya Khumjung

Mwaka 1960 Hillary alirudi Nepal na msafara mkubwa uliolipiwa na wachapishaji wa ensaiklopedia kutoka Marekani. Kulikuwa na makusudi mawili: kuchunguza jinsi mwili wa binadamu unavyozoea hewa nyembamba, ambapo wanasayansi waliishi majira yote ya baridi katika kibanda kilichowekwa kwenye kimo cha mita 5,800 hivi, na kumtafuta yeti, yule mnyama wa hadithi za Himalaya. Yeti hakuonekana. Ngozi ya kichwa iliyotunzwa katika hekalu la kijiji cha Khumjung na kudhaniwa kuwa yake ilipelekwa Marekani na Ulaya pamoja na mzee mmoja wa kijiji, na wataalamu wakaona kwamba imetengenezwa kwa ngozi ya mnyama wa milimani wa jamii ya mbuzi.

Katika safari hiyo Hillary aliwauliza Washerpa waliokuwa naye kambini wanahitaji nini kuliko vyote. Jibu lilikuwa shule. Mzee mmoja alimweleza kwamba watoto wao wana macho lakini ni kama vipofu. Jambo la kuangalia hapa ni mpangilio wenyewe: swali lilitangulia, mradi ukafuata. Baadaye karibu kila jengo lililojengwa lilianza na ombi la maandishi kutoka kijiji husika, na wanakijiji walitoa ardhi, mawe, mbao na nguvu kazi.

Jengo la Khumjung lilikuwa la alumini, zawadi ya kampuni moja ya Uhindi, na vipande vyake vilifikishwa kwa ndege ndogo kwenye kiwanja kilichochongwa milimani huko Mingbo, kisha vikabebwa mgongoni. Kijiji kipo karibu mita 3,800 juu ya usawa wa bahari. Kwa anayeijua Kilimanjaro, ni juu kidogo ya kituo cha Horombo. Shule ilifunguliwa Juni 1961 na kubarikiwa na lama mkuu wa monasteri ya Tengboche. Mwalimu wa kwanza alikuwa Msherpa aliyesoma Darjeeling, kwani ndani ya Khumbu hapakuwa na wa kumwajiri.

Mwaka uohuo haukuwa mwepesi. Wenzake walipanda mlima Ama Dablam bila kibali cha serikali, na Hillary, kama kiongozi, alitozwa faini na nusura afukuzwe nchini. Kisha alipatwa na kiharusi kidogo alipokuwa akijaribu kupanda mlima Makalu, na rafiki yake Peter Mulgrew akapoteza miguu yote miwili kwa baridi ya huko.

Himalayan Trust

Vijiji vingine vilipoona Khumjung vilileta maombi. Kwa ajili hiyo Hillary alianzisha shirika la Himalayan Trust, akawa kiongozi wake hadi kifo chake. Lilikuwa shirika dogo kwa muda mrefu: marafiki, wapandaji milima, mafundi seremala na madaktari wa kujitolea, huku yeye akizunguka Nyuzilandi, Marekani, Kanada na Ulaya akitoa hotuba na kupitisha bakuli. Mwaka 1963 zilijengwa shule za Thami na Pangboche, na Khumjung ikapata bomba la maji. Mwaka huo pia ugonjwa wa ndui ulifumka njiani wapitapo wapagazi, na msafara uliokuja kwa ajili ya shule na mlima ukajikuta unachanja maelfu ya watu.

Hospitali ya Khunde, nusu saa kwa miguu kutoka Khumjung, ilifunguliwa mwaka 1966. Tatizo kubwa lililoikabili halikuwa la wageni kulijua mapema. Udongo na maji ya milima hiyo vina upungufu wa madini joto. Watu wengi walikuwa na rovu, uvimbe wa tezi ya shingo, na watoto wengi walizaliwa viziwi, wafupi na wenye akili iliyodumaa kwa sababu mama zao walikosa madini hayo wakati wa ujauzito. Chumvi iliyoliwa Khumbu ilitoka Tibet kwa migongo ya yaki na haikuwa na madini joto hata kidogo. Madaktari kutoka Nyuzilandi walianza kuwadunga watu sindano ya mafuta yenye madini joto, ambayo hukaa mwilini kwa miaka kadhaa. Kizazi kilichozaliwa baada ya hapo hakikuonyesha tena ulemavu huo. Pengine hakuna kazi nyingine ya Himalayan Trust iliyobadilisha maisha ya watu wengi hivyo kwa gharama ndogo kiasi hicho, ingawa haipigwi picha kama shule.

Kiwanja cha Lukla

Ili kupata vifaa vya hospitali ilihitajika njia ya mkato. Kutoka Kathmandu hadi Khumbu ilikuwa safari ya takriban wiki mbili kwa miguu, na kiwanja cha Mingbo kilikuwa juu mno na cha hatari. Mwaka 1964 Hillary na wenzake walinunua mashamba ya wakulima huko Lukla, kwenye kimo cha mita 2,850 hivi. Kiwanja kilitengenezwa kwa majembe na mikono, kikiwa na mteremko: ndege hutua ikipanda na huruka ikishuka kuelekea bondeni. Husimuliwa kwamba udongo ulipoonekana bado ni mlaini, Washerpa waligawiwa pombe ya kienyeji wakaambiwa wacheze ngoma zao za kukanyaga chini, na baada ya siku mbili uwanja ukawa mgumu.

Hillary alidhani kiwanja kingetumika kwa mbao, saruji na dawa. Kilichofuata hakukitarajia. Wageni waliokuwa wakihesabika kwa vidole miaka ya 1960 wakawa maelfu katika miaka ya 1970, na leo ni makumi ya maelfu kwa mwaka. Kila kundi lilikuja na wapagazi na wapishi, na wote walipika na kuota moto kwa kuni. Nyumba za wageni zilihitaji mbao. Vichaka vya mreteni vilivyo juu ya mstari wa miti, ambavyo huchukua miaka mingi sana kukua, vilichomwa kwenye kambi za wapandaji milima.

Si haki kuilaumu Lukla peke yake. Kwa vizazi vingi misitu ya Khumbu ilisimamiwa na walinzi waliochaguliwa na vijiji, walioitwa shingi nawa, wenye uwezo wa kumtoza faini aliyekata mti mbichi. Mwaka 1957 serikali ya Nepal ilitaifisha misitu yote nchini. Kibali cha kukata kikawa kinatolewa na ofisi ya mbali, na walinzi wa kijiji wakapoteza nguvu. Miaka miwili baadaye maelfu ya wakimbizi wa Kitibeti walivuka mpaka na mifugo yao, nao pia walihitaji kuni. Hata hivyo Hillary hakujificha nyuma ya sababu hizo. Alikiri wazi katika maandishi na hotuba zake kwamba kiwanja chake kilifungua mlango, na kwamba anajutia yaliyoupata msitu.

Hifadhi ya Taifa ya Sagarmatha

Katika miaka ya 1970 wazo la kuifanya Khumbu kuwa hifadhi ya taifa liliungwa mkono na Hillary na serikali ya Nyuzilandi, ambayo ilituma wataalamu wa hifadhi. Washerpa wengi hawakulipokea kwa furaha. Walikuwa na hofu ya kuhamishwa, na hofu hiyo haikuwa ya bure, kwani katika hifadhi ya ziwa Rara, magharibi mwa Nepal, vijiji viwili vilihamishwa kweli. Kwa wiki kadhaa habari zilienea kwamba Hillary amewageuka. Msomaji wa Afrika Mashariki atazitambua hoja za pande zote mbili bila kuelezwa zaidi.

Hifadhi ya Sagarmatha, lenye kuwa jina la Everest kwa Kinepali, iliundwa mwaka 1976 ikiwa na kilomita za mraba 1,148, na mwaka 1979 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Vijiji vilibaki mahali pake na ardhi yao ikatengwa kisheria nje ya mipaka ya hifadhi. Kukata miti mibichi kulipigwa marufuku na wageni wakatakiwa kutumia mafuta ya taa. Mwanzoni sheria zilisimamiwa na askari na watumishi kutoka nje, jambo lililoleta manung'uniko. Utaratibu wa shingi nawa ulirudishwa kwa sura mpya baadaye.

Suluhisho la kudumu lilitoka katika shule ya Khumjung. Vijana wa Kisherpa walipelekwa Nyuzilandi kusomea usimamizi wa hifadhi. Mmoja wao, Mingma Norbu Sherpa wa Khunde, aliyekuwa miongoni mwa wanafunzi wa awali wa Khumjung, akarudi kuwa mhifadhi mkuu wa Sagarmatha, Msherpa wa kwanza katika nafasi hiyo. Baadaye alifanya kazi pamoja na mtaalamu mwingine wa Nepal, Chandra Gurung, katika mradi wa Annapurna ulioanza mwaka 1986, ambapo ada za watalii zilibaki mikononi mwa kamati za vijiji badala ya kwenda zote serikalini. Wote wawili walikufa tarehe 23 Septemba 2006 katika ajali ya helikopta huko Ghunsa, mashariki mwa Nepal, walipokuwa wakitoka kukabidhi eneo la hifadhi la Kanchenjunga kwa wenyeji. Watu 24 waliokuwa ndani walipoteza maisha, wakiwemo wataalamu wengi wa uhifadhi ambao nchi ilikuwa nao.

Himalayan Trust nayo ilianzisha vitalu vya miche na kuajiri wanakijiji kuitunza. Kwenye kimo hicho mche huchukua miaka kadhaa kitaluni kabla ya kuhamishwa, na lazima uzungushiwe ukuta dhidi ya mbuzi na yaki. Kwa hesabu ya shirika, zaidi ya miche milioni moja imepandwa, na miteremko kadhaa iliyokuwa mitupu karibu na vijiji sasa ina msitu mchanga.

Msiba wa mwaka 1975

Mwaka 1975 familia yote ilihamia Nepal kwa muda wakati Hillary akijenga hospitali ya pili huko Phaphlu. Tarehe 31 Machi Louise na Belinda, kitinda mimba, walipanda ndege ndogo Kathmandu kwenda kumwona. Ndege ilianguka muda mfupi baada ya kuruka na wote waliokuwamo wakafa. Hillary alikuwa akiwasubiri kiwanjani.

Hospitali ilikamilishwa mwaka huohuo, lakini miaka iliyofuata alizama katika huzuni kubwa, akinywa pombe na kumeza dawa za usingizi. Watu waliokuwa karibu naye walisema hakurudi tena kuwa yule wa zamani. Mwaka 1979 rafiki yake Peter Mulgrew alifariki katika ajali ya ndege kwenye mlima Erebus, Antaktika, akiwa ameshika nafasi ya msimulizi wa safari ambayo Hillary mwenyewe alikuwa akiifanya katika safari nyingine za aina hiyo. Mwaka 1989 Hillary alimwoa June, mjane wa Mulgrew.

Miaka ya mwisho

Kuanzia mwaka 1985 hadi 1989 alikuwa balozi wa Nyuzilandi nchini Uhindi. Januari 1989 monasteri ya Tengboche iliteketea kwa moto wa hitilafu ya umeme, ambao ulikuwa umefikishwa huko mwaka mmoja tu uliopita, na Hillary alisaidia kuchangisha fedha za kuijenga upya. Tangu mwaka 1992 picha yake imo katika noti ya dola 5 ya Nyuzilandi; ilikuwa ajabu, kwa kuwa alikuwa bado hai.

Mwaka 2003, miaka 50 baada ya kupanda Everest, alialikwa London kwenye sherehe pamoja na malkia, lakini akachagua kuwa Kathmandu na Washerpa. Nepal ilimpa uraia wa heshima. Mwaka 2006 aliwakemea hadharani wapandaji waliompita Mwingereza David Sharp akiwa mahututi chini ya kilele cha Everest.

Hillary alifariki kwa moyo tarehe 11 Januari 2008 akiwa na miaka 88. Alizikwa kwa heshima za kitaifa tarehe 22 Januari, na majivu yake yakamwagwa baharini katika ghuba ya Hauraki. Huko Khumbu Washerpa walimwombea katika monasteri zao kwa taratibu za Kibuddha.

Tathmini

Hadi kifo chake Himalayan Trust ilikuwa imejenga au kusaidia zaidi ya shule 25, hospitali 2 na zahanati kadhaa, mbali na madaraja, mabomba ya maji na viwanja vya ndege. Wanafunzi wa Khumjung wamekuwa marubani, wahifadhi, wafanyabiashara na watumishi wa serikali. Mmoja wao alirudi na shahada ya udaktari kuongoza hospitali ya Khunde, ambayo kwa miaka mingi ilitegemea madaktari wa kigeni.

Wapo waliokosoa. Shule zilifundisha kwa Kinepali na Kiingereza, si kwa Kisherpa, na waliosoma vizuri wengi wamehamia Kathmandu au ng'ambo, hasa New York, hivyo baadhi ya vijiji vya juu vimebaki na wazee. Wengine walisema misaada ilielekezwa mno kwa Washerpa wa Khumbu, ambao tayari walinufaika na utalii, huku majirani zao wa mabonde ya chini, wanaobeba mizigo ya watalii, wakipata kidogo. Hoja hii ya mwisho ilichukuliwa kwa uzito, na kazi ya shirika ilisambaa zaidi wilaya ya Solu, kusini.

Tetemeko la ardhi la Aprili na Mei 2015 liliharibu shule nyingi za Solukhumbu, zikiwemo zilizojengwa na Hillary kwa mawe, na madarasa mapya yalijengwa kwa namna ya kuhimili mitikisiko. Kiwanja cha Lukla, kilichowekewa lami mwaka 2001, kinaitwa Tenzing-Hillary tangu mwaka 2008, na bado ndiyo njia kuu ya watalii kuingia Khumbu.